Jinsi Habari Zilivyopanda Kutoka Chini ya Kisima

Kisima kirefu cha mafuta au gesi huweza kushuka mita 6,000 chini ya ardhi, umbali unaozidi kidogo kimo cha Mlima Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari. Mwishoni mwa shimo hilo, ambalo upana wake chini huko mara nyingi ni kama shubiri moja tu, kekee inasaga mwamba katika giza, joto kali na shinikizo kubwa. Fundi anayeiongoza yuko juu, ilhali kila anachohitaji kukijua kiko chini: kekee imeelekea wapi, mwamba inaoukata ni wa aina gani, na je, kuna gesi inayojiandaa kuingia kisimani kwa nguvu? Historia hii inaeleza jinsi wahandisi walivyotafuta, kwa muda wa miaka 80 hivi, njia ya kuzileta habari hizo juu bila kusimamisha uchimbaji. Inamtazama kwa karibu mvumbuzi mmoja, David R. Hall wa jimbo la Utah nchini Marekani, aliyelishughulikia tatizo hilo mahali ambapo wengi waliomtangulia walikuwa wamekwama. Ili kazi yake ieleweke, ni lazima tuanze mbali, kwa sababu tatizo lenyewe lilizaliwa na namna watu walivyojifunza kuchimba.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, visima vingi vya mafuta vilichimbwa kwa kuupiga mwamba kwa chuma kizito kilichoning'inizwa kwenye kamba. Njia hiyo ilikuwa ya polepole, na ilishindwa kabisa palipokuwa na mchanga laini ulioporomoka na kuziba shimo. Tarehe 10 Januari 1901, kisima cha Spindletop karibu na mji wa Beaumont, Texas, kilirusha mafuta juu angani, na ulimwengu wa mafuta ukaitambua nguvu ya njia nyingine: kuzungusha kekee mwishoni mwa msururu wa mabomba ya chuma. Katika njia hii, tope maalumu husukumwa kwa pampu kupitia ndani ya mabomba, likatokea kwenye kekee, kisha likapanda kwa nje ya mabomba huku likibeba vipande vya mwamba uliosagwa. Tope hilo pia hukipoza chuma, huzizuia kuta za shimo zisiporomoke, na kwa uzito wake hukandamiza gesi na mafuta visifumuke kabla ya wakati.

Njia ya kuzungusha ilishinda, lakini ushindi wake ulikuja na kizuizi. Bomba moja la kuchimbia lina urefu wa mita 9 na nusu hivi, na mabomba huunganishwa moja baada ya jingine kwa hesi zilizochongwa kwenye ncha zake. Kisima cha mita 6,000 kwa hiyo kina viungo zaidi ya 600, na kila kimoja hukazwa na kufunguliwa tena na tena, kikipakwa grisi, kikigongwa na kusuguliwa na tope lenye chembe za mchanga. Msururu wote huzunguka usiku na mchana. Mtu aliyetaka kupitisha waya ya umeme humo alipaswa kuikata na kuiunga upya kila baada ya mita 9, katika mazingira ambayo hayana huruma kwa kitu chochote chembamba. Kwa sababu hiyo, wachimbaji wa kizazi cha kwanza waliyakisia ya chini kwa kutazama dalili za juu: rangi ya tope, harufu yake, vipande vya mwamba vilivyotoka nalo, na kasi ya kekee kushuka.

Hatua kubwa ya kwanza ya kupima badala ya kukisia ilipigwa Ufaransa. Ndugu wawili, Conrad na Marcel Schlumberger, walikuwa wameonyesha kwamba miamba hutofautiana katika namna inavyouzuia umeme, na kwamba tofauti hiyo inaweza kusaidia kutambua kilichomo ndani yake. Tarehe 5 Septemba 1927, mhandisi wao Henri Doll na wenzake waliteremsha kifaa cha kupimia ndani ya kisima cha Pechelbronn, katika eneo la Alsace, wakakipandisha hatua kwa hatua huku wakisoma vipimo na kuvichora kwa mkono. Mchoro ule ulikuwa mwanzo wa taaluma nzima ya kusoma visima kwa umeme, na miaka michache baadaye vifaa vya namna hiyo vilikuwa vikitumika katika nchi nyingi zinazozalisha mafuta.

Hata hivyo, njia ya Pechelbronn ilikuwa na sharti moja zito. Kifaa kilishushwa kwa waya, na waya haingeweza kushuka mpaka uchimbaji usimame na mabomba yote yatolewe. Katika kisima kirefu, kuyatoa mabomba na kuyarudisha kulichukua saa nyingi, na gharama za mtambo, mafundi na pampu hazikusimama. Kulikuwa na hatari pia, kwa kuwa shimo lililoachwa wazi huweza kuporomoka au kuingiwa na gesi. Zaidi ya hayo, habari zilifika zikiwa zimechelewa. Mchimbaji aliambiwa kuhusu mwamba alioukata siku kadhaa zilizopita, wakati ambapo alihitaji kujua kuhusu mwamba anaoukata sasa. Hivyo, kadiri vipimo vilivyozidi kuwa na manufaa, ndivyo hamu ya kuvipata papo hapo ilivyozidi kukua.

Wahandisi walioitafakari hamu hiyo waliona njia nne. Ya kwanza ilikuwa kupitisha umeme katika waya iliyojengwa ndani ya mabomba yenyewe. Ya pili ilikuwa kutuma mawimbi ya umeme na sumaku moja kwa moja kupitia ardhini. Ya tatu ilikuwa kutuma sauti ndani ya chuma cha mabomba, na ya nne ilikuwa kulitumia tope linalozunguka kisimani kama mjumbe. Njia ya pili ilikwamishwa na miamba yenye chumvi na maji, ambayo hulimeza wimbi kabla halijafika mbali, ingawa ilikuja kupata nafasi yake katika visima vifupi na vile vinavyochimbwa kwa hewa. Njia ya tatu ilisumbuliwa na makelele ya kekee na mwangwi wa viungo. Mashindano makubwa yakabaki kati ya waya na tope.

Waya ilianza kufikiriwa mapema, na jambo hili linastahili kukumbukwa. Mwaka 1945 mvumbuzi aliyeitwa Hare alipewa hataza nchini Marekani kwa wazo la kuweka transfoma kwenye kila kiungo cha bomba, na mwaka 1947 mwingine aliyeitwa Cloud alipewa hataza ya wazo lililokaribiana nalo. Msingi wake ni kanuni ya fizikia iliyojulikana tangu wakati wa Michael Faraday: umeme unaobadilikabadilika katika koili moja huamsha umeme katika koili nyingine iliyo jirani, hata kama nyaya zake hazigusani. Faida yake kwa bomba la kuchimbia ilikuwa dhahiri. Ikiwa nyaya hazihitaji kugusana, basi grisi, uchafu na kutu havitaukata mkondo.

Kwa nini basi wazo zuri namna hiyo likae nusu karne bila kuzaa matunda? Jibu limo katika hesabu ya viungo. Tuchukulie kwamba kila kiungo kinapitisha asilimia 90 ya nguvu ya ishara inayokifikia, jambo ambalo kwa kiungo kimoja linaonekana kuwa zuri. Baada ya viungo 10, iliyobaki ni asilimia 35 tu, na baada ya viungo 100 ni chini ya sehemu 3 katika kila sehemu 100,000. Hata kiungo kinachopitisha asilimia 99 huacha asilimia 37 baada ya viungo 100, na baada ya viungo 600 huacha robo moja ya asilimia. Upotevu mdogo unaojirudia mara mamia huiua ishara. Wavumbuzi wengine walijaribu kuikwepa hesabu hiyo kwa kuweka vikuza ishara na betri kwenye kila kiungo, lakini kila kifaa kilichoongezwa kilikuwa kitu kingine cha kuharibika, na kifaa kimoja kikifa, msururu wote hunyamaza.

Wakati njia ya waya imekwama hivyo, mtu mwingine aligeukia tope. Jan Jacob Arps alikuwa mhandisi mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, na wanafunzi wa uhandisi wa mafuta wanamjua hasa kwa makala yake ya mwaka 1945 kuhusu namna uzalishaji wa kisima unavyopungua kadiri miaka inavyopita. Arps alitambua kwamba kati ya kekee na mtambo kuna nguzo moja isiyokatika, yaani tope lililojaa ndani ya mabomba. Ukiliziba kidogo kule chini kwa vali, shinikizo hupanda, na badiliko hilo husafiri ndani ya tope kwa kasi ya zaidi ya kilomita moja kwa sekunde hadi juu, ambako kipimo cha shinikizo kinaweza kulisoma. Vali ikifunguka na kufungika kwa mpangilio, mapigo ya shinikizo huwa herufi, na herufi huwa habari. Mwaka 1964 Arps alichapisha maelezo ya mfumo uliofanya kazi hiyo katika visima halisi, akaueleza kuwa suluhisho linalotekelezeka.

Lakini mfumo wa Arps haukuenea wakati ule, na wanaoisimulia historia hii hutoa sababu zinazotofautiana. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa la kifundi: vifaa vya elektroniki vya mwanzoni mwa miaka ya 1960 havikuweza kustahimili joto na mtikisiko wa kisimani kwa muda mrefu. Wengine huona kwamba sababu ilikuwa ya kiuchumi, kwa kuwa mafuta yalikuwa ya bei nafuu, visima vingi vilichimbwa nchi kavu na vilikwenda wima, na hakukuwa na msukumo wa kulipia habari za papo hapo. Tukizipima hoja hizi mbili, tunaona kwamba kila moja inaihitaji nyenzake. Kifaa kisichodumu kingeweza kuboreshwa kama pangekuwa na mnunuzi wa kukingoja, na mnunuzi angejitokeza kama hasara ya kutokujua ingekuwa kubwa vya kutosha.

Hasara hiyo ilikua ghafla katika miaka ya 1970. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulipandisha bei mara kadhaa, na kampuni zikakimbilia maeneo magumu ambayo hapo awali hayakulipa, hasa Bahari ya Kaskazini kati ya Uingereza na Norway. Huko baharini, kujenga jukwaa moja la kuchimbia kulihitaji fedha nyingi mno, na kwa hiyo visima vingi vilichimbwa kutoka jukwaa lilelile, vikipindishwa kila kimoja kuelekea upande wake. Kisima kinachopindishwa kinahitaji kuongozwa, na kuongoza kunahitaji kujua ulipo. Njia ya zamani ilikuwa kusimamisha kazi na kushusha kifaa chenye kamera ndogo iliyopiga picha ya dira na mwinamo wa shimo, kisha kukitoa na kuisafisha picha. Kila siku ya mtambo wa baharini ilipokuwa ghali, kusimama kwa ajili ya kila picha kukawa mzigo usiobebeka. Wakati huohuo transista na saketi ndogo zilikuwa zimekomaa, na baadhi yake zilitengenezwa kwa ajili ya mazingira makali ya kijeshi na ya anga.

Mahitaji na uwezo vilipokutana, mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1972 kampuni ya Teleco ilianzishwa Marekani, ikishirikiana na kampuni ya mafuta ya Ufaransa iliyokuja kujulikana kama Elf Aquitaine, na mwaka 1978 ikaanza kutoa huduma ya kibiashara ya kupima mwelekeo wa kisima wakati kinachimbwa, kwa kutumia mapigo ya tope. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Mobil walikuwa wamechapisha matokeo ya kifaa cha aina nyingine, ambacho rota yake ilizunguka ndani ya tope na kutoa wimbi lisilokatika badala ya pigo mojamoja. Mwaka 1980 kampuni ya Schlumberger nayo ilifanya kazi yake ya kwanza ya namna hiyo katika Ghuba ya Mexico. Ndani ya miaka michache, njia ambayo Arps aliihubiri ikawa ndiyo ya kawaida, na ilikuwa na sifa moja kubwa: ilitumia mabomba yaleyale ambayo kila mchimbaji alikuwa nayo tayari.

Ushindi wa tope, hata hivyo, haukumaliza tatizo. Mapigo ya shinikizo husafiri kwa haraka lakini hayawezi kufuatana kwa haraka, kwa sababu yakisongamana huchanganyikana na kelele za pampu na kufifia njiani. Vifaa vya mwanzo vilituma takribani biti moja kwa sekunde, na hata mwanzoni mwa karne ya 21 biti 3 hadi 10 kwa sekunde zilikuwa kiwango cha kawaida katika visima virefu. Wakati huo vipimo vya chini vilikuwa vimeongezeka sana: mionzi ya asili ya mwamba, uzuiaji wa umeme, uwazi wa mwamba, shinikizo, mtikisiko, hata taswira za kuta za shimo. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilihifadhiwa katika kumbukumbu ya kifaa na kusomwa baada ya mabomba kutolewa, yaani kwa ucheleweshaji uleule wa siku za Pechelbronn. Pia mapigo yalihitaji pampu ziwe zinafanya kazi. Pampu zikizimwa, kwa mfano wakati wa kuunga bomba jipya au wakati wa hatari, chombo cha chini hakikuweza kusema lolote.

Kwa hiyo macho yaligeukia tena waya. Mwaka 1979 E. B. Denison wa kampuni ya Shell alieleza majaribio ya mabomba yenye waya yaliyounganishwa kwa pete za chuma zilizogusana kwenye viungo. Habari zilipita kwa kasi ambayo tope lisingeweza kuifikia, lakini mgusano wa metali kwa metali ulihitaji usafi ambao sakafu ya mtambo wa kuchimbia haina. Hataza za viungo ziliendelea kutolewa katika miaka ya 1980, nyingine zikiwa za koili, nyingine za vihisi vya sumaku, na bado hakukuwa na hata moja iliyogeuka kuwa bomba ambalo mchimbaji wa kawaida angeweza kulikodi na kulitumia.

Hapo ndipo anapoingia David Hall, na asili yake inasaidia kuielewa kazi yake. Baba yake, H. Tracy Hall, alikuwa mwanakemia katika maabara ya General Electric huko Schenectady, New York, na tarehe 16 Desemba 1954 alifanikiwa kutengeneza almasi kutokana na kaboni, kwa shinikizo na joto kubwa ndani ya mashine aliyoibuni mwenyewe. Mwaka 1955 alihamia Chuo Kikuu cha Brigham Young mjini Provo, Utah, akaendelea kubuni mashine za shinikizo, na baadaye akashiriki kuanzisha kampuni ya kutengeneza almasi. Almasi hizo za viwandani zilikuja kubadili uchimbaji wenyewe, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 meno ya almasi yalianza kuwekwa kwenye kekee na kukata mwamba kwa namna ambayo chuma peke yake hakikuweza. Mwana alikulia katika fani hiyo. Kampuni yake, Novatek, iliyokuwa Provo, ilishughulika na almasi za kekee na vifaa vya uchimbaji kabla ya kuligeukia suala la habari, na kwa hiyo ilizoea kufikiri kuhusu vitu vinavyobanwa, vinavyosuguliwa na vinavyochomwa na joto.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Novatek ilianza kulifanyia kazi bomba lenye waya, ikisaidiwa na fedha za Wizara ya Nishati ya Marekani kupitia maabara yake ya taifa ya teknolojia ya nishati. Hall na wenzake waliirudia kanuni ileile ya Hare na Cloud, ya koili mbili zisizogusana, kisha wakauliza swali la vifaa: koili hiyo iwekwe ndani ya kitu gani ili karibu nguvu yote ya sumaku ivuke kiungo badala ya kupotelea kwenye chuma cha bomba? Chuma kinachozunguka koili huinyang'anya nguvu, kwa kuwa umeme usiotakiwa huzunguka ndani yake na kuigeuza ishara kuwa joto.

Jibu lao limeelezwa katika hataza iliyotolewa tarehe 30 Desemba 2003 kwa majina ya David R. Hall, H. Tracy Hall Mdogo, David Pixton, Scott Dahlgren na Joe Fox. Kila ncha ya bomba ina bega la chuma, yaani uso unaobanwa dhidi ya uso wa bomba linalofuata wakati hesi zinapokazwa. Kwenye bega hilo walichonga mfereji wa mviringo, na ndani ya mfereji wakaweka kihori cha feraiti, kauri ambayo hupitisha sumaku vizuri lakini haipitishi umeme. Koili ilikaa ndani ya kihori hicho. Mabomba mawili yanapokazwa, vihori viwili hutazamana na kufunga njia ya sumaku pande zote, na ishara huvuka kwa upotevu mdogo sana. Kutoka ncha moja hadi nyingine ya bomba, waya ya koaksia hupita ndani ya ukuta wa viungo na kando ya uwazi wa bomba, ikilindwa na mfereji wa chuma. Fundi wa mtambo hakuhitaji kujifunza lolote jipya, kwani alikaza hesi kama alivyozoea.

Hesabu ya upotevu haikufutika, lakini ilipunguzwa hadi ikawezekana kuishi nayo. Badala ya kuweka kikuza ishara kwenye kila kiungo, ilitosha kuweka kimoja kila baada ya mita mia kadhaa. Kwa njia hiyo idadi ya vitu vyenye betri na elektroniki ilishuka kutoka mamia hadi kumi au kumi na tano kwa kisima kirefu, na mabomba mengine yote yakabaki bila kitu cha kuishiwa nguvu.

Bado mvumbuzi alihitaji mtu wa kuyatengeneza mabomba. Mwaka 2001 Novatek iliungana na Grant Prideco, kampuni kubwa ya mabomba ya kuchimbia, na mfumo ukapewa jina la IntelliPipe. Mwaka 2006 uliingia sokoni chini ya kampuni ya IntelliServ, ukituma zaidi ya biti 57,000 kwa sekunde. Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa mfano. Taswira ya ukuta wa kisima yenye ukubwa wa biti 800,000 ingehitaji saa 22 kupanda kwa mapigo ya tope ya biti 10 kwa sekunde, ilhali kwa bomba lenye waya ingefika kwa sekunde 14 hivi. Habari pia ziliweza kushuka, na fundi akaweza kukiamuru chombo cha chini kwa haraka. Vihisi viliweza kupangwa katika urefu wote wa mabomba, hivyo shinikizo likajulikana katika sehemu nyingi za kisima kwa wakati mmoja. Na pampu zilipozimwa, kisima kiliendelea kusema.

Kwa sifa hizo, msomaji angetarajia kwamba mapigo ya tope yangetoweka. Hayakutoweka, na hapa pia maelezo yanashindana. Maelezo ya kwanza ni gharama: bomba lenye waya ni ghali kuliko bomba tupu, na kisima cha kawaida kilicho rahisi hakiirudishi fedha hiyo. Ya pili ni uimara: katika msururu wa viungo mia kadhaa, kiungo kimoja kibovu huikata njia nzima, na kukitafuta kunapoteza muda. Ya tatu ni kwamba washindani hawakulala, kwa sababu mifumo ya tope iliboreshwa na mahesabu ya kompyuta yakaweza kuchuja kelele na kusoma mapigo yaliyokaribiana zaidi. Ya nne inahusu umiliki: mabomba kwa kawaida ni mali ya mkandarasi wa mtambo, vihisi ni mali ya kampuni ya huduma, na faida ya habari bora humwendea mwenye kisima. Anayelipia bomba siye anayefaidika nalo moja kwa moja.

Maelezo yote manne yana ukweli, lakini ya nne yana uzito ambao mara nyingi hausemwi. Gharama na uimara hupungua kadiri kifaa kinavyotumika na kurekebishwa, ilhali mgawanyo wa faida haujirekebishi wenyewe. Mwenendo wa kampuni unaliunga mkono wazo hili. Mwaka 2008 National Oilwell Varco, watengenezaji wa mitambo, waliinunua Grant Prideco, na mwaka 2009 wakaingia ubia na Schlumberger, kampuni ya huduma za vipimo, katika IntelliServ. Mwenye bomba na mwenye vihisi walikuwa wanajaribu kukaa katika nyumba moja. Mwaka 2015 Schlumberger iliinunua pia Novatek. Mabomba yenye waya yamepata nafasi hasa katika visima vigumu na vya gharama kubwa, baharini na mahali ambapo shimo hupindishwa mbali, kwa kuwa huko kila saa inayookolewa ina thamani inayoonekana.

Afrika Mashariki nayo imo katika sura hii ya historia. Katika mradi wa Kingfisher nchini Uganda, visima vinaanzia ufukweni na kupindishwa kuelekea mafuta yaliyo chini ya Ziwa Albert, na katika mradi wa Tilenga visima zaidi ya 400 vilipangwa kuchimbwa kutoka vituo 31 tu, ili ardhi inayoguswa iwe ndogo, ikiwemo ile ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Mpango wa namna hiyo unawezekana kwa sababu kekee inaweza kuongozwa, na kekee inaongozwa kwa sababu habari zake zinapanda. Mjadala kuhusu mafuta hayo na mazingira yake ni mpana na unastahili kuendelea, na raia anayeijua kazi hii anaweza kuuliza maswali bora: vipimo gani vinachukuliwa, vinafika lini, na nani anavisoma?

Tukiifuata safari yote kutoka 1927, tunaona kwamba hakuna hatua iliyotegemea wazo peke yake. Wazo la koili kwenye kiungo lilikuwepo tangu 1945, na wazo la mapigo ya tope lilithibitishwa kufikia 1964, lakini yote mawili yalingoja vifaa, fedha na haja. Mchango wa Hall na wenzake ulikuwa kulipokea wazo la zamani na kulifanyia kazi ya uvumilivu mahali lilipokuwa linavuja, kwa ujuzi wa vitu vigumu uliokusanywa katika fani ya almasi, kwa fedha za umma, na kwa kiwanda cha mtengeneza mabomba. Heshima ya mvumbuzi haipungui kwa kuwataja waliomtangulia na waliomwezesha. Kinyume chake, kijana wa uhandisi wa Dodoma, Nairobi au Kampala anayesoma historia hii anapata somo analoweza kulitumia: kati ya mawazo mengi yaliyoachwa kwa sababu yalishindwa, yapo yanayongoja tu mtu atakayerudi kukipima upya kiungo kinachopoteza nguvu.